Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda: saa za kwanza za kiharusi na shambulio la moyo

Katika nyumba nyingi za Ngarenaro, anayekuwepo mtu anapopatwa na kiharusi ni mama au binti wa nyumba. Baba yuko kazini, vijana wako sokoni Kilombero au kwenye bodaboda, na bibi amekaa barazani akisubiri chai. Anainua kikombe, kinadondoka. Anajibu salamu, lakini maneno yanatoka kama ya mlevi. Mdomo umevutwa upande mmoja. Utakachofanya katika dakika kumi zinazofuata kinaweza kuamua kama bibi huyo atafika hospitali akiwa bado anafaa kupewa dawa tunayoieleza hapa.

Dawa hiyo huyeyusha donge la damu. Hutolewa hospitalini tu, kwa njia ya mshipa, kwa mtu aliyepata kiharusi cha kuziba au shambulio la moyo muda mfupi uliopita. Sio kidonge cha duka la dawa. Wala sio ile "dawa ya kulainisha damu" ambayo mgonjwa wa moyo humeza kila siku, kama aspirini au warfarini. Hizo huzuia donge jipya lisijijenge, lakini haziyeyushi lile ambalo limeshakaa. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na ndiyo maana wapo wanaokaa nyumbani wakidhani kidonge cha jana kitamaliza tatizo la leo.

Donge linafanya nini

Aliyekulia kwenye miteremko ya Meru anaujua mfereji. Maji yanatoka juu, yanagawanywa shamba kwa shamba, na gogo likianguka likaziba njia, mahindi yaliyo chini ya hapo ndiyo yanayonyauka, hata kama mto umejaa. Damu nayo iko hivyo. Mshipa unaopeleka damu kwenye sehemu fulani ya ubongo ukiziba, ni sehemu ile tu inayokosa hewa na chakula. Ndiyo sababu mgonjwa mmoja anapoteza mkono, mwingine maneno, mwingine haoni upande mmoja. Kwenye moyo, mshipa ukiziba, kipande cha msuli wa moyo kinaanza kufa, na mgonjwa anasikia kifua kinabana.

Lakini mahindi yanaweza kuvumilia siku kadhaa. Ubongo hauwezi. Daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikokotoa mwaka 2006 kwamba katika kiharusi kikubwa cha kuziba, mgonjwa hupoteza takriban seli za ubongo milioni 1.9 kila dakika. Kuzunguka eneo lililokwisha kufa kuna eneo jingine ambalo limedhoofika lakini bado li hai. Eneo hilo ndilo dawa inalokwenda kuliokoa.

Ndani ya donge kuna nyuzi nyembamba ziitwazo fibrini, zilizosukwa kama wavu na kunasa chembe za damu. Mwili una mkasi wake wa kukata nyuzi hizo, unaoitwa plasmini, ila hukaa damuni umelala mpaka uamshwe. Kazi ya dawa ni kuuamsha mkasi huo kwa haraka na kwa wingi. Nyuzi zinakatika, donge linamomonyoka, damu inapita tena. Shida ni kwamba mkasi huo hauchagui. Ukikuta donge linaloziba mshipa wa ubongo utalikata, na ukikuta donge linalofunga kidonda cha upasuaji wa juzi utalikata pia. Faida yote ya dawa hii na hatari yake yote vinatoka mahali pamoja.

Dawa zenyewe

Ya zamani kuliko zote inaitwa streptokinazi. Inatokana na bakteria, na William Tillett wa Marekani ndiye aliyeonyesha mwaka 1933 kwamba bakteria hao wanatoa kitu kinachoyeyusha damu iliyoganda. Ilichukua nusu karne mpaka ithibitishwe vizuri kwa wagonjwa wa moyo. Utafiti mkubwa wa Italia ulitoa matokeo mwaka 1986. Mwaka 1988 ukafuata mwingine, uliohusisha wagonjwa 17,187 katika nchi kadhaa. Katika utafiti huo wa pili, waliopata streptokinazi pamoja na aspirini walikufa 8 kati ya kila 100 ndani ya wiki tano. Ambao hawakupata yoyote kati ya hizo walikufa 13 kati ya 100. Aspirini, kidonge cha bei ndogo kabisa, ilifanya karibu nusu ya kazi hiyo.

Kwa kiharusi dawa ni alteplazi. Ilithibitishwa Marekani mwaka 1995 kwa wagonjwa waliotibiwa ndani ya saa tatu, na mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukaongeza muda huo hadi saa nne na nusu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya kiharusi mwaka 2019. Siku hizi kuna pia tenekteplazi, ambayo hudungwa mara moja tu badala ya kupitishwa kwa dripu kwa muda wa saa nzima.

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Streptokinazi, ambayo ni ya bei nafuu zaidi na inaokoa wagonjwa wa moyo, haitumiki kwa kiharusi. Ilijaribiwa katika miaka ya 1990 na majaribio yakasimamishwa, kwa sababu wagonjwa wengi mno walivuja damu kwenye ubongo na kufa. Kwa hiyo ukisikia kwamba hospitali fulani "ina dawa ya kuyeyusha damu", swali la pili ni: ipi?

Kwa nini lazima CT scan kwanza

Kiharusi kina aina mbili. Kuna cha kuziba, ambacho tumeshakieleza. Kuna cha kuvuja, ambapo mshipa umepasuka na damu inamwagika ndani ya kichwa. Kwa macho vinafanana: mdomo uliopinda, mkono uliolegea, maneno yaliyopotea. Hata daktari mzoefu hawezi kuvitenganisha kwa uhakika akiwa kando ya kitanda. Picha ya CT scan ya kichwa ndiyo inayotenganisha, na kupigwa kwake huchukua dakika chache tu.

Ukimpa mtu anayevuja dawa ya kuyeyusha damu, unafungua bomba lililopasuka. Ndiyo maana hakuna daktari makini atakayeitoa bila picha, hata umlilie vipi. Na kwa sababu hiyo hiyo usimpe mgonjwa wa kiharusi aspirini nyumbani. Subiri picha. Sehemu yetu ya dunia ina viharusi vingi zaidi vya kuvuja ukilinganisha na Ulaya, kwa sababu presha nyingi hazijagunduliwa au hazijatibiwa, kwa hiyo hatari ya kubahatisha kwetu ni kubwa zaidi.

Hesabu ya muda

Watafiti waliochanganya matokeo ya majaribio makubwa ya alteplazi walionyesha mwaka 2010 jinsi faida inavyoyeyuka. Mgonjwa akitibiwa ndani ya dakika 90, mmoja kati ya kila watano hivi anapata nafuu kubwa ambayo asingeipata bila dawa. Kati ya dakika 90 na saa tatu, ni mmoja kati ya tisa. Kati ya saa tatu na saa nne na nusu, ni mmoja kati ya kumi na wanne. Baada ya hapo, kwa hospitali zenye CT scan ya kawaida, madhara yanaanza kuzidi faida.

Saa hizo hazihesabiwi tangu ulipomkuta. Zinahesabiwa tangu alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Bibi akilala saa tatu usiku akiwa salama, akaamka saa kumi na mbili asubuhi mkono umekufa ganzi, hospitali itahesabu kuanzia saa tatu usiku, na muda umekwisha kabla hujafungua mlango wa chumba chake. Lakini kama aliamka saa kumi alfajiri kwenda msalani na mjukuu akamsikia anamwita vizuri, basi saa inaanzia pale, na bado kuna nafasi. Ushahidi wa mtoto wa darasa la tano unaweza kumwokoa bibi yake. Muulize.

Nyumbani, kabla ya gari kufika

Mwambie atabasamu, uone kama mdomo unakwenda upande mmoja. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, uone kama mmoja unashuka. Mwambie ataje jina lake na mahali alipo. Kimoja tu kikiharibika, na kimetokea ghafla, chukulia kwamba ni kiharusi. Dalili nyingine za ghafla ni kutoona upande mmoja au jicho moja, kuyumba kama aliyelewa, na maumivu ya kichwa makali ambayo hajawahi kuyapata maishani. Usisubiri uone kama yataisha. Wapo wanaopata kiharusi kidogo kinachopita ndani ya nusu saa, na hao ndio walio katika hatari kubwa ya kupata kikubwa siku chache zinazofuata. Nao waende hospitali siku hiyo hiyo.

Angalia saa kwenye simu, uandike. Andika pia alipoonekana mzima mara ya mwisho. Mlaze kwa ubavu kama anatapika au amesinzia. Kisha usimpe kitu chochote mdomoni. Tunajua mkono wa mama unakwenda haraka kwenye limau, kitunguu saumu, maji ya sukari au chai. Koo la mgonjwa wa kiharusi mara nyingi limelegea, na kinachomezwa huenda kwenye mapafu. Usimwongezee vidonge vya presha "ili ishuke". Presha iliyopanda wakati huo inasaidia kusukuma damu kidogo iliyobaki, na ikishushwa ghafla, ubongo unapata hasara zaidi. Hospitali itaishusha kwa kipimo, kama inahitajika.

Jambo jingine linahusu zahanati iliyo jirani. Ni kawaida mgonjwa kupitishwa hapo kwanza "apate sindano ya kutuliza". Sindano ya kwenye msuli, ya maumivu au ya malaria, inaacha tundu ambalo linaweza kuvuja sana baadaye akipewa dawa ya kuyeyusha damu, na tena umepoteza saa nzima foleni. Kama zahanati haina CT scan, msaada wake mkubwa ni kupima sukari na presha, kuandika barua ya rufaa na kupiga simu mbele. Sukari ipimwe kweli, kwa sababu mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka sana anaweza kuonekana kama ana kiharusi, naye tiba yake ni tofauti kabisa.

Usafiri: teksi, bajaji au gari la jirani. Bodaboda hapana. Mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kujishikilia, na akidondoka akaumia kichwa, hata kama alikuwa anafaa kupewa dawa, sasa hafai tena. Ndani ya gari akae na mtu anayejua alipoonekana mzima mara ya mwisho, hata kama ni msichana wa kazi. Mara nyingi anayepelekwa ni kijana mwenye nguvu za kubeba, aliyefika wakati yote yameshatokea, naye akiulizwa na daktari hana la kujibu. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile za mitishamba, na kadi yake ya kliniki na ya bima.

Kuna pia suala la ruhusa na fedha, ambalo hatuwezi kulipita. Familia nyingi husubiri baba mkubwa apigiwe simu kijijini, au michango ianze kwenye kundi la simu, ndipo mgonjwa aondoke. Ondokeni kwanza, simu zipigwe njiani. Kama kuna mtu mzima wa familia anayejulikana kuwa ndiye msemaji, mzungumze naye leo, wakati wote ni wazima, akubali kwamba siku ikitokea hatasubiriwa.

Na suala la kurogwa. Watafiti waliozungumza na familia Dar es Salaam na wilayani Hai, jirani zetu upande wa Kilimanjaro, walichapisha mwaka 2008 kwamba Dar es Salaam wengi walihusisha kiharusi na mashetani au uchawi, wakati Hai walitaja zaidi sababu za mwili. Wengi wangedhani ni kinyume chake, kwamba mjini ndiko wanakojua zaidi. Hatutaki kumgombeza mtu kwa imani yake. Anayetaka kuombewa aombewe, hata wodini. Lakini sala na mganga vinaweza kusubiri saa nne, na alteplazi haiwezi.

Hospitalini watafanya nini

Watapima sukari, presha na uzito, watachukua damu na kumpeleka CT scan. Watakuuliza maswali ambayo yanaweza kukukera kwa sababu unaona wakati unakwenda: amefanyiwa upasuaji karibuni? Aliwahi kuvuja damu kichwani? Ameumia kichwa ndani ya miezi mitatu? Anatapika damu au anapata choo cheusi? Anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda? Jibu la kweli, hata kama linamnyima dawa, linaweza kuwa ndilo linalomwacha hai.

Presha ikiwa zaidi ya 185 kwa 110, lazima ishushwe kwanza chini ya hapo. Kipimo cha alteplazi kinategemea uzito: miligramu 0.9 kwa kila kilo, bila kuzidi miligramu 90. Sehemu ya kumi inasukumwa kwa sindano, inayobaki inapita kwa dripu kwa saa moja.

Daktari atakueleza hatari na kuomba ridhaa. Katika utafiti wa mwaka 1995, karibu wagonjwa 6 kati ya 100 waliopewa dawa walivuja damu ubongoni kwa namna iliyowadhuru, dhidi ya chini ya 1 kati ya 100 kwa wasiopewa. Hata hivyo baada ya miezi mitatu, waliopewa dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa wamebaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo sana, na vifo havikuwa vingi zaidi. Ni uamuzi mgumu wa dakika tano. Unaruhusiwa kuuliza: "Angekuwa mama yako ungefanyaje?" Madaktari wengi hujibu swali hilo kwa ukweli kuliko maswali mengine yote.

Baada ya dawa, presha hupimwa kila dakika 15 kwa saa mbili za mwanzo, na kwa saa 24 hapewi aspirini wala mirija isiyo ya lazima. Wewe uliye kando ya kitanda una kazi. Akianza kulalamika kichwa kinauma sana, akitapika, akisinzia zaidi au mkono uliokuwa umeanza kuamka ukalegea tena, mwite nesi hapo hapo. Angalia pia midomo na ulimi. Vikianza kuvimba, hasa kama alikuwa anatumia dawa za presha kama enalapril au kaptopril, ni dharura.

Shambulio la moyo ni hadithi nyingine kidogo

Hapa aspirini inaanza nyumbani. Mtu mzima anayebanwa na kifua kama amewekewa jiwe, maumivu yakipanda shingoni, taya au mkono wa kushoto, huku akitokwa jasho la baridi, atafune aspirini ya miligramu 300, au vinne vya miligramu 75, isipokuwa kama ana mzio nayo au anatoka damu mahali. Atafune, asimeze tu, ili ifanye kazi mapema. Kisha hospitali yenye kipimo cha ECG, kile cha kubandika waya kifuani, ambacho huonyesha kama mshipa mkubwa umeziba.

Wanawake, wazee na wagonjwa wa kisukari wanaweza wasipate maumivu makali. Wanachosikia ni kukosa pumzi, uchovu wa ghafla, kichefuchefu, au maumivu ya chembe ya moyo ambayo kila mtu anaita vidonda vya tumbo. Mama wa miaka 55 mwenye presha anayepewa dawa ya vidonda kwa mara ya tatu wiki hii anahitaji ECG. Huko KCMC Moshi, watafiti waliwafuatilia mwaka 2019 wagonjwa waliofika idara ya dharura kwa maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la mishipa ya moyo kuziba, ugonjwa ambao wengi bado wanaudhani ni wa nchi tajiri.

Tiba bora ya mshipa wa moyo ulioziba ni kuuzibua kwa mpira mdogo unaopitishwa kwenye mshipa wa mkono au paja, kwenye maabara maalumu ya moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam inafanya kazi hiyo. Kanuni ya kimataifa inasema kama mgonjwa hawezi kufikishwa na kuzibuliwa ndani ya dakika 120, apewe dawa ya kuyeyusha donge palepale alipo, kisha asafirishwe. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 600. Hesabu ni rahisi. Kwa watu wa huku, dawa ya kuyeyusha donge ndiyo njia ya kwanza iliyo karibu, na muda wake ni mrefu kidogo kuliko wa kiharusi: hadi saa 12 tangu maumivu yaanze, ingawa saa mbili tatu za mwanzo ndizo zenye faida kubwa.

Hali ilivyo kwetu

Tuseme ukweli. Katika hospitali nyingi za Tanzania alteplazi haipo kabatini, na pale ilipo bei yake ni kubwa. Mashine za CT scan zimeongezeka; fedha za mpango wa UVIKO-19 za mwaka 2021 zilinunua nyingi kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Lakini mashine inaweza kuwa imeharibika, au mtaalamu wake yuko nyumbani usiku. Kwa mtu wa Ngarenaro, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru na hospitali nyingine za jiji ziko karibu kuliko mahali pengi nchini. KCMC iko kama kilomita 80.

Kwa hiyo fanya kazi hii wiki hii, sio siku ya tatizo. Nenda, au mtume kijana, kwenye hospitali mbili zilizo karibu nawe, mkaulize: CT scan inafanya kazi usiku na mwishoni mwa wiki? Mna dawa ya kuyeyusha damu kwa kiharusi, na kwa moyo, na ni ipi? Namba ya simu ya idara ya dharura ni ipi? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ibandikwe nyuma ya mlango. Ukiambiwa dawa haipo, umeshajua, na umeuliza swali ambalo hospitali inahitaji kulisikia mara nyingi zaidi.

Uzito wa suala hili si wa kubuni. Kati ya mwaka 2003 na 2006, mradi wa kuhesabu viharusi Tanzania ulirekodi 453 katika eneo la Hai na 183 katika eneo la Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na viharusi vipya kama 109 kwa watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam kama 316, kiwango kilicho juu kuliko cha nchi nyingi tajiri. Maisha ya mjini yanaonekana kuchangia, na Arusha nayo ni mji.

Mama mjamzito, aliyejifungua, na mtoto

Ujauzito na wiki sita baada ya kujifungua huongeza uwezekano wa damu kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, donge linaweza kuwa mguuni au limepanda kwenye mapafu. Kichwa kikali, kuona maruweruwe na presha kupanda vinaweza kuwa kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kuleta kiharusi cha kuvuja. Tiba yake ni dawa za presha na magnesiamu salfeti. Piga 115, namba ya m-mama, bila malipo. Kwa mjamzito, dawa ya kuyeyusha donge haikatazwi moja kwa moja, ila inapimwa kwa uangalifu mkubwa. Na kama una presha au unavuta sigara, mwambie mhudumu kabla ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili.

Kijana wa kike anayepata kiharusi bila presha achunguzwe moyo. Mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa yanaweza kuharibu mlango wa moyo, damu ikatuama na kuganda humo, donge likaruka kwenda kichwani. Mtoto aliyegundulika na tatizo hilo anahitaji sindano yake ya penisilini kila wiki tatu au nne bila kuruka.

Mtoto mwenye sikoseli naye anaweza kupata kiharusi, hata wa miaka mitano. Kwake tiba ya kwanza sio alteplazi, ni kubadilishiwa au kuongezewa damu haraka. Ukifika mapokezi sema neno "sikoseli" kabla ya kusema neno jingine lolote.

Kama muda umepita

Wengi wanaosoma hapa watakuwa na mgonjwa aliyepata kiharusi juzi, au mwezi uliopita. Dawa hii haitamsaidia tena, na anayekuuzia "ya kuyeyusha" kwa kiharusi cha mwezi uliopita anakula fedha zako. Lakini hospitali bado ina kazi: kujua ni cha kuziba au cha kuvuja, kuanza aspirini kama ni cha kuziba, kupima kama anameza salama, kurekebisha presha na sukari. Nyumbani, mgeuze kila saa mbili asipate vidonda vya mgongo, mketishe wima anapokula, na mpeleke mazoezi ya viungo mapema. Nafuu kubwa zaidi hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Vidonge vya presha asiviache akisikia nafuu. Weka vipimo vyake kwenye daftari, tarehe na namba mbili, na uende nalo kila siku ya kliniki.